Sensa Namba Tatu

Mwishehe Kombo alikufa ndani ya ghala la ufuta la shemeji yake, mtaa wa Dunda, Bagamoyo. Hakuna aliyemtafuta, na alipatikana siku ya tano.

Ghala lilikuwa limefukizwa dawa ya wadudu. Milango ilizibwa kwa mikanda ya gundi Jumatano jioni. Jumatatu asubuhi Twalib, fundi wa dawa, alibandua mikanda, akafungua mlango mkubwa, akasubiri hewa itoke, kisha akaingia na barakoa yake ya mpira usoni. Alitoka kinyumenyume.

Mwishehe ndiye aliyekuwa mtunza stoo. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya mlango mdogo, ule unaotoka ghalani kuingia ofisini. Shati alikuwa amelivua, amelikunja, amejifunika nalo pua. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika.

Inspekta Najim Mwinyimvua aliziangalia kucha, akauangalia mlango. Ulikuwa wa mninga, wa zamani, na komeo lake lilikuwa upande wa ofisi.

Mwenye ghala, Abdulswamad, alikuwa mfanyabiashara wa ufuta na korosho, mtu wa ukoo unaojulikana mjini. Alisema Jumatano mchana alimtuma Mwishehe aende Miono siku chache kuangalia mzigo wa wakulima. Yeye mwenyewe baada ya alasiri alikwenda Kaole kwenye maulidi, akalala huko. Milango yote miwili aliiziba Twalib. Kama Mwishehe alirudi kuchukua kitu na kufungiwa, basi Twalib hakukagua.

Twalib alisema alikagua. Alizunguka magunia yote, akaita mara tatu. Mlango mkubwa aliuziba yeye. Ule mdogo Abdulswamad alimwambia amwachie, atauziba mwenyewe kwa upande wa ofisini.

"Nani alikusikia mkizungumza hayo?" Najim aliuliza.

"Marehemu."

"Mwingine?"

"Hakuna, afande."

Neno la tajiri kwa neno la kibarua. Twalib alilala mahabusu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba marehemu alikufa kwa moshi wa dawa, na mwili haukuwa na jeraha jingine zaidi ya zile kucha. Wakamzika Jumatatu hiyo hiyo, baada ya alasiri.

Jumatano Najim alikwenda msibani na Koplo Swaumu. Ilikuwa siku ya khitma na watu walikuwa wengi. Nyumba ya Abdulswamad ni ya ghorofa, chini ofisi na ghala, juu makazi. Ina mlango wa mbele mpana, wenye baraza pande zote mbili, ambao familia imeutumia miaka yote kwa harusi na misiba.

Mlango huo ulikuwa umefungwa. Benchi lilikuwa limewekwa mbele yake.

Waombolezaji walikuwa wakizungushwa ubavuni, wanaingia kwa mlango wa ofisi, wanapita kati ya mizani na magunia matupu, ndipo wanapanda ngazi. Kila mlango ulipofunguka, kidude cheupe ukutani kilitoa mlio mdogo. Ti. Ulipofungwa, ti.

Najim alimwamkia bibi mmoja aliyekuwa akipumzika kwenye ngazi, akamuuliza kwa nini hawapiti mbele.

"Ndivyo alivyotaka mwenye nyumba," bibi alisema. "Tunapitishwa kwenye mizani kama tumeleta korosho. Mimi nimemwambia mwenzangu, tukifika juu tutaambiwa kilo zetu."

Najim hakucheka. Alikisogelea kile kidude. Kilikuwa na namba za kubonyeza na kioo chenye mistari miwili. Alamu. Alipandisha macho, akaona sensa, jicho la alamu, juu ya mlango wa ofisi. Jumatatu, mle ghalani, aliona nyingine kama hiyo kwenye pembe ya dari, akadhani ni mabaki ya waya za zamani.

Alimkuta Abdulswamad juu, amekaa na wanaume, tasbihi mkononi. Alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Alamu yako inafanya kazi?"

"Iliharibika tangu masika. Popo walikuwa wanaipigisha kelele bure."

"Iliharibika, na inalia mlango ukifunguka?"

"Hicho ni kengele tu. King'ora chenyewe ndicho kibovu."

"Mlango wa mbele una nini?"

"Bawaba imelegea. Nilihofia umwangukie mtu."

Najim alishuka. Aliondoa benchi, akausukuma mlango wa mbele. Ulifunguka bila hata kulia. Ubavuni mwake hapakuwa na sensa.

Kwenye kile kidude kulikuwa na karatasi ndogo yenye namba ya simu ya fundi aliyekifunga. Jina lake Shamsudin, anakaa Tegeta. Najim alimpigia, akamuuliza kama mtambo ule unaweka kumbukumbu.

Shamsudin alisema unaweka. Kila tukio linaandikwa na saa yake: mlango kufunguka, mlango kufungwa, mtu kupita mbele ya sensa, nani kabonyeza namba yake ya siri. Matukio mia tano na kumi na mbili. Hata umeme ukikatika yanabaki.

"Na yakizidi hapo?"

"Likiingia jipya, la zamani kuliko yote linafutika. Mzee wa hapo nilimweleza siku namfungia. Alikuwa anataka kujua vibarua wanaingia saa ngapi."

Mlango wa ofisi ulifunguka. Wanawake wanne waliingia na mkeka. Ti. Mmoja akarudi nje kuchukua viatu. Ti, ti.

Najim alielewa. Watu walikuwa wanakuja kumwombea Mwishehe, na kila anayeingia alikuwa anamfuta.

Alimwambia Swaumu auzuie ule mlango. Asiingie mtu, asitoke mtu, usiguswe hata kwa upepo. Swaumu alivuta kiti, akakaa akiwa ameuegemea kwa mgongo. Najim akapanda nusu ya ngazi, akawaambia watu kwamba kuanzia sasa njia ni mlango wa mbele, na huku chini asishuke mtu.

Kelele zilikuwa nyingi. Mji ule mtu anaweza kusamehewa vitu vingi, lakini kuzuia watu mlangoni kwenye khitma si kimojawapo. Mzee mmoja alimfuata hadi chini na kumuuliza yeye ni mtoto wa nani.

"Wa Mwinyimvua. Wa Kaole."

"Baba yako tulimzika sisi. Hatukufungiwa mlango na polisi."

"Ni kweli, mzee."

"Huna haya."

Abdulswamad alikuwa amesimama juu ya ngazi, anamtazama. Hakupiga kelele kama wengine. Aliteremka taratibu, akasema anataka kuchukua miwani aliyoisahau nje, akanyoosha mkono kwenye kitasa nyuma ya mgongo wa Swaumu.

"Miwani iko mfukoni mwako, mzee," Swaumu alisema.

Ilikuwa pale. Kamba yake ilikuwa inaning'inia kwenye kanzu.

Shamsudin alifika alasiri na laptopu na printa ndogo, akilalamika kwamba foleni ya Bunju imemla na kwamba hajala chakula. Kwanza waliangalia kwenye kioo. Alibonyeza namba yake ya ufundi, akaingia kwenye kumbukumbu, akaanza kurudi nyuma kwa mshale. Tukio moja kwa mbonyezo mmoja. Mlango wa ofisi. Mlango wa ofisi. Mlango wa ofisi. Kidole kilichoka, wakapokezana. Walipita Jumatano, wakapita Jumanne, wakapita Jumatatu ya maiti. Jumapili, Jumamosi na Ijumaa zilikuwa na mistari michache tu. Alhamisi miwili. Kisha Jumatano ile.

Mshale ukagoma.

"Hapa ndipo mwisho," Shamsudin alisema. "Yaliyo nyuma yameshafutwa. Wangeingia watu wengine ishirini hivi, na haya nayo yasingekuwepo."

Aliunganisha waya, akachapa. Ukanda mwembamba wa karatasi ulitoka kama risiti ya dukani, ukaanguka sakafuni, ukaendelea kutoka. Najim aliuokota kutoka ule mwisho wa zamani, akausoma amesimama.

Tukio la kwanza lililobaki lilikuwa la saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja jioni. Sensa namba tatu, ghalani: mwendo. King'ora kimelia. Dakika moja baadaye: mtumiaji namba moja amenyamazisha. Dakika saba baadaye: waya wa king'ora umekatwa.

Kutoka hapo, sensa namba tatu peke yake. Mwendo. Mwendo. Mwendo. Mwanzoni ilikuwa kila dakika mbili au tatu. Saa mbili usiku ikawa kila dakika kumi. Saa tatu ikapungua zaidi. Wa mwisho ulikuwa saa nne na nusu, na kabla yake palikuwa na dakika arobaini zisizo na kitu.

"Waya umekatwa," Najim alisema. "Mbona imeendelea kuandika?"

"Ukikata king'ora umekata mdomo. Macho yanabaki."

"Popo anaweza kuandika hivi?"

Shamsudin alifikiri. "Popo mmoja mmoja, ndiyo."

"Popo gani anaacha kuruka saa nne na nusu usiku? Ndiyo kwanza anaamka. Na siku nne zinazofuata hakuruka kabisa?"

Shamsudin alikuwa ameuona ule ukanda upya, na aliuachia upande wake kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Mtumiaji namba moja ni nani?"

"Mzee mwenyewe. Marehemu alikuwa namba mbili. Mama, namba tatu."

Abdulswamad alipoonyeshwa karatasi alisema namba yake ya siri ni mwaka aliozaliwa, na nusu ya vibarua wanaijua. Yeye alikuwa Kaole. Aulizwe aliyekuwa kwenye maulidi.

Najim alijua maulidi ya Kaole yana mamia ya watu, na kwamba akiuliza, kumi wataapa walimwona na kumi wataapa hawakumwona. Alijua pia kwamba kuna mtu mmoja hajaulizwa chochote, kwa sababu kila mtu aliona ni aibu kumuuliza. Shufaa, mke wa Abdulswamad. Marehemu alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja.

Alimkuta kwenye chumba cha ndani, na Swaumu akakaa karibu naye. Shufaa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, macho yamevimba, kanga nyeusi imefunika mpaka kwenye paji. Najim alimpa pole, kisha akamuuliza Jumatano ile alikuwa wapi.

"Kaole. Kwenye maulidi. Nilirudi baada ya isha."

"Mume wako ulimwacha huko?"

Aliiangalia ile karatasi mkononi mwa Najim.

"Hiyo ndiyo iliyotolewa kwenye mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Nipe."

Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma mtu asiyetaka kufika mwisho. Kidole kikasimama.

"Hii ya saa tatu na dakika tano. Ni nini?"

"Ni mtu anasogea ghalani."

"Ndugu yangu."

"Ndiyo."

Shufaa aliikunja karatasi magotini. Alipozungumza, alizungumza na Swaumu, si na Najim.

"Tulikuwa tunakula. Nilimkuta mume wangu hapa nyumbani, nikapasha samaki wa nazi. Nikamwambia kuna kitu kinagonga chini. Akasema jirani ana mafundi wa mbao. Nikamwongezea wali."

Baadaye aliongeza kwamba tangu Jumatatu alikuwa anajua, na alikuwa anakataa kujua. Alitaka kumwambia kila mgeni aliyeingia kumpa pole, lakini mume wake alikuwa amekaa pale pale.

Walimchukua Abdulswamad jioni, kwa mlango wa mbele. Kituoni Najim alimsomea onyo kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa. Kisha akamsomea maneno ya mke wake. Alipofika kwenye wali, Abdulswamad aliinua mkono.

"Basi," alisema. "Inatosha."

"Ulimfungia?"

"Nilimwambia akaangalie turubai la nyuma. Twalib alikuwa ameshaziba mlango mkubwa, ameshaondoka. Akaingia kwa mlango mdogo. Simu yake ilikuwa mezani ofisini. Nikatia komeo."

"Ili afe?"

"Ili aape."

"Aape nini?"

Abdulswamad alieleza tangu mwanzo.

Katika ujana wake Abdulswamad alikuwa mwepesi wa hasira. Alimwacha Shufaa mara mbili na kumrejea mara mbili, kila mara ndani ya eda, na watu wakasahau. Ikabaki talaka moja. Mwezi mmoja na nusu kabla ya lile ghala kufukizwa, mke alikwenda kwao Kaole bila kumuaga, naye Abdulswamad, akiwa ofisini mbele ya Mwishehe, alisema: dada yako nimemwacha. Alilisema kama mtu anavyotupa kalamu mezani. Jioni akapanda juu, akala, akalala na mke wake kama kawaida. Shufaa hakuambiwa kitu.

"Ya tatu," Najim alisema.

"Ya tatu. Haina kurejea. Mpaka aolewe na mwingine, aachwe na huyo. Una mke, afande?"

"Jibu, usiulize."

"Tumeishi miaka ishirini na saba. Mwishehe akaanza kunifuata. Shemeji, umemwambia? Shemeji, mnaishi vibaya. Kila siku, hapo kwenye mizani. Alikuwa na adabu, hakuwahi kunipandishia sauti. Jumatano akaniambia kesho anakwenda kumwambia dada yake mwenyewe."

"Ukamfungia."

"Nilisimama nje ya mlango. Nikamwambia, apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hukusikia kitu, nakufungulia. Akasema hawezi kuapa uongo juu ya dada yake. Nikamwambia fikiri, dawa bado haijaamka. Saa kumi na mbili alamu ikajiwasha yenyewe. Nilisahau kwamba inajiwasha. King'ora kikalia mtaa mzima. Majirani walishazoea, wakadhani ni popo. Kilipolia mara ya tatu nikakata waya."

"Kwa nini hukufungua hapo?"

"Kwa sababu hajaapa."

"Na baadaye? Saa mbili? Saa tatu?"

"Alikuwa ameshaanza kutapika, nilimsikia. Ningemfungulia akiwa vile, angesema nilimfungia. Kila nilivyochelewa ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi. Nilikuwa nimefungiwa mimi, afande. Mlango ule ulitufungia wote wawili."

"Wewe ulikuwa unakula samaki."

Abdulswamad aliinamisha kichwa.

Najim alimaliza kuandika mstari, akauliza swali la mwisho. "Hakukubali kuapa hata kidogo?"



"Alikubali," alisema. "Nilishuka baada ya chakula. Akasema, shemeji, naapa, nifungulie. Akaapa yote, neno kwa neno, kama nilivyomtaka."

"Na wewe?"

"Sikumwamini."

Twalib aliachiwa usiku ule, baada ya siku tatu mahabusu. Kesi ya mauaji ilifunguliwa dhidi ya Abdulswamad, na ukanda ule wa karatasi ukawekwa kwenye bahasha pamoja na kile kidude cheupe, kilichong'olewa ukutani.

Hesabu yake ni hii. Mwishehe alikuwa na miaka arobaini na sita. Ameacha mke, Mwanamvua, na watoto wanne, mdogo hajaanza shule. Twalib hajapata kazi ya dawa Bagamoyo tangu hapo. Watu wanajua hakufanya kosa, lakini hawamwiti. Ufuta wote uliokuwa mle ndani hakuna aliyetaka kuununua, ukafukiwa. Abdulswamad yuko mahabusu akisubiri Mahakama Kuu. Shufaa alipelekewa habari ya talaka na sheikh, mbele ya wanawake wa kwao. Aliambiwa eda yake inahesabiwa tangu siku neno lilipotamkwa, hata kama hakulisikia. Miezi mitatu. Nusu yake alikuwa ameshaimaliza akimpikia mwanamume ambaye si mume wake. Alirudi Kaole na mabegi mawili. Ndugu alikuwa naye mmoja tu.